Maziwa ya Mama Limi

Wanaume walikuwa hawajarudi kutoka makaburini kumzika Nyamizi pale shangazi yake alipoanza kuieleza upya habari ya maziwa. Tulikuwa tumekaa ukumbini juu ya mikeka, wanawake wa mtaa na wa ukoo, miguu tumeinyoosha, vikombe vya chai mikononi. Shangazi Zuhura amezeeka sana sasa, macho yake hayaoni vizuri, lakini sauti yake ni ileile. Alikuwa akizungumza na jirani mmoja aliyehamia mtaa wetu wa Ng'ambo juzijuzi, asiyejua lolote. "Huyu mtoto hakuumwa, bibi. Huyu alifanywa. Kulikuwa na Msukuma mmoja hapa, mpangaji wa chumba cha uani, akimletea maziwa kila asubuhi. Ndiyo mnajua tena mambo ya watu." Wanawake wakaguna, wengine wakatikisa vichwa kwa sababu wameisikia habari hiyo tangu wakiwa wasichana. Mimi nimeshapita hamsini, nimefanya kazi ya maabara maisha yangu yote, nimefundisha vijana wengi jinsi damu inavyoulinda mwili, na bado maneno yale yaliniuma kama yalivyoniuma mwaka nilipoyasikia kwa mara ya kwanza, katika nyumba hiihii, ukuta mmoja kutoka hapo nilipokuwa nimekaa.

Mwaka ule nilikuwa nimetoka Kaliua kuja Tabora mjini kujifunza kazi ya maabara hospitalini. Nilipokelewa na mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyeolewa na fundi cherehani. Nyamizi alikuwa binti yao wa pekee, rika langu, na tuliwekwa chumba kimoja, kitanda kimoja, chini ya chandarua kimoja ambacho baba mdogo alikuwa amekitia viraka vya vitambaa vya kanzu mpaka kikawa kama nguo ya shehe iliyotundikwa darini. Chumba kilikuwa na dirisha dogo linalotazama uani. Nje ya dirisha palikuwa na mfereji uliopokea maji ya bafuni kwetu na ya nyumba mbili za jirani, na mvua zilipoanza mfereji haukutiririka tena, ulikaa tu, mweusi, na jioni mbu walipanda kutoka humo kwa wingi. Tulichoma maganda ya machungwa na kinyesi kikavu cha ng'ombe, tukakohoa, na mbu wakatuuma vilevile. Nyamizi alikuwa akishona mchana kutwa pamoja na baba yake, na usiku alipoingia kitandani vidole vyake vilinuka mafuta ya cherehani. Alikuwa mchekeshaji. Aliweza kuigiza mteja yeyote aliyeingia dukani, hasa wale wanene wanaosema wapimwe kwa kubana kidogo. Mama mdogo alikuwa akitupigia ukuta tunyamaze.

Mama Limi alikaa katika chumba cha uani, mlango ukitazamana na jiko. Alikuwa mjane kutoka Ziba, mtu wa makamo, mrefu, mwenye meno ya mbele yaliyochongoka na sauti ya chini ambayo ilikulazimisha umsogelee umsikie. Aliuza mtindi. Kaka yake alimletea maziwa kutoka kwa jamaa zake wanaofuga pembeni ya mji, naye akayagandisha ndani ya vibuyu alivyovifukiza kwanza kwa kijinga cha moto, kwa hiyo mtindi wake ulikuwa na harufu ya moshi ambayo sijaipata tena kokote. Asubuhi alitusalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka," na Nyamizi akamjibu kwa kuiga sauti yake ya chini, na Mama Limi akacheka mpaka akashika kiuno. Tulikula naye mara nyingi. Mama mdogo akipika ugali na mlenda, au uyoga wakati wa mvua, alimwita, "Dada, njoo tule, utakula peke yako kama mchawi?" Lilikuwa neno la utani, watu wote walilisema. Siku hizo lilikuwa bado halijamwuma mtu katika uwanja ule.

Nyamizi alikuwa ameposwa na Hamisi, karani wa stesheni ya Kaliua. Alikuwa kijana mpole, mwenye tabia ya kuvua kofia hata akizungumza na watoto. Mama yake na dada zake wawili walikuja kumwona binti kabla ya kuweka siku ya harusi. Walikula pilau, wakasifu, wakaondoka kuelekea uani kunawa, na sisi wawili tulikuwa chumbani kwetu, chini ya lile dirisha. Tuliwasikia vizuri. "Mtoto ana adabu," mama mkwe alisema. "Ila mwembamba mno. Tukimfikisha kwetu watu watauliza tumeoa nini." Dada mmoja akasema, "Na siku hizi, mama, wembamba una jina." Hakulitaja jina. Kila mtu alilijua. Ilikuwa miaka ambayo ule ugonjwa ulikuwa ukimaliza watu kwenye njia nzima ya reli, na mtu akipungua shavu tu, majirani walianza kumhesabu kati ya wanaoondoka. Nyamizi alikuwa mwembamba tangu kuzaliwa, kama baba yake. Nilimgeukia nikidhani ataigiza sauti ya yule dada. Hakuigiza. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anautazama mkono wake, anauzungushia vidole vya mkono wa pili kama anayepima bangili.

Mama Limi ndiye aliyeanza kumpa maziwa. Hakuambiwa na mtu, alijionea mwenyewe. Kila asubuhi alimwekea kibakuli cha mtindi dirishani, amekifunika kwa sahani. "Kunywa, bibi harusi," alimwambia. "Kwetu msichana haendi kwa mume na mifupa." Hakupokea kitu chochote kwa ajili ya mtindi ule. Mimi nilibaki kuchungulia kibakuli, na siku nyingine Nyamizi alinibakizia kidogo chini, nikakikwangua kwa kidole.

Kisha Shangazi Zuhura akashuka kwa treni kutoka Kigoma, na makapu ya samaki wakavu wa migebuka na dumu la mawese. Alikuwa dada mkubwa wa baba mdogo, na kwa desturi ndiye aliyepaswa kumfunda bibi harusi na kumtunza mpaka siku yake. Alikuwa mtu wa kuingia nyumbani na kuhamisha viti. Alipika vizuri, lazima niseme hivyo, na nyumba ilinuka mawese na vitunguu mpaka barabarani. Alimwondoa Nyamizi kwenye cherehani, akamketisha ndani, akamsugua liwa, akamlisha. Kila baada ya chakula cha asubuhi alimwita chumbani kwake na kufunga mlango. Niliwahi kumsikia akisema, "Meza sasa hivi, usimwambie mama yako, atasema tunaharakisha." Nilimuuliza Nyamizi jioni ile. "Dawa ya kuongeza damu," alinijibu. "Shangazi anasema damu yangu nyepesi." Nilimwamini. Pale hospitalini tuliwapa wanawake vidonge vya damu kila siku.

Nyamizi alinenepa. Alinenepa haraka, na usoni kwanza: mashavu yalijaa, uso ukawa duara kama sahani, shingo ikapotea. Alikuwa na njaa ambayo haikuisha, akila ugali wetu na michembe ya viazi ya Mama Limi na mabaki ya sufuria. Mapajani na tumboni ilitokea michirizi ya zambarau, naye alinionesha kwa fahari, akisema ngozi inapata kazi. Alilala vibaya, akazungumza upesi, akacheka kwa kila kitu. Mama mkwe alipokuja tena alipiga kigelegele mlangoni. "Haya ndiyo malezi!" alisema, na Shangazi Zuhura akajibu, "Kwetu Ujiji hatuchezi na bibi harusi." Mama Limi alikuwa amesimama uani na kibuyu mkononi. Alisema polepole, kwa sauti yake ileile, "Lakini miguu yake mbona haijanenepa?" Nimeyakumbuka maneno hayo maisha yangu yote, maana katika nyumba nzima, mimi mwanafunzi wa maabara nikiwemo, hakuna mwingine aliyeona.

Mvua zilipokaribia kwisha homa iliingia nyumbani. Ilianza kwa baba mdogo, ikaja kwangu, ikaenda kwa mama mdogo na hata kwa Mama Limi. Ilikuwa homa ya kichwa na macho, viungo vikauma, vipele vidogo vikanitoka kifuani. Tulilala, tukanywa uji wa ndimu, tukanung'unika, tukapona. Nyamizi naye akashikwa, na sisi sote tulipokuwa tumeshaanza kula, yeye alikuwa bado anashika kichwa. Asubuhi moja nilimwamsha akaniita kwa jina la mwanafunzi mwenzetu wa shule ya msingi. Alinitazama kama mtu anayenitafuta mbali. Mchana alianza kutetemeka upande mmoja wa uso, kisha mkono, kisha mwili wote, na mama mdogo akapiga ukelele ambao uliwaleta majirani na masufuria yao mikononi.

Hospitalini walimtundikia kwinini, kama walivyomtundikia kila mtu mwenye homa na degedege. Slaidi ya damu yake niliitazama mimi mwenyewe. Nilitafuta vimelea vya malaria mpaka macho yakatoa machozi, nikamwita mkuu wa maabara, naye akakaa kwenye hadubini kwa muda mrefu, akasema, "Hakuna." Daktari alikuwa kijana kutoka Shinyanga, Daktari Masanja, mtu wa kuuliza maswali mengi mpaka wauguzi wakamchoka. Alitoa maji ya uti wa mgongo, nayo yaliletwa kwetu: yalikuwa safi, hayana bakteria. Alikuja mwenyewe kuuliza chembe nyeupe ni ngapi. Nilipomwambia zilikuwa chache sana, alikunja uso. "Mgonjwa wa ubongo namna hii," alisema, "nilitegemea ziwe nyingi. Ziko wapi?" Sikujua alichokuwa akiuliza. Nilidhani ananilaumu kwamba nimehesabu vibaya, nikarudia, na zikawa chache vilevile.

Alikwenda wodini kuuliza. Nilikuwepo, nimeleta uji. Nyamizi alikuwa amelala na macho nusu wazi, mkono wake wa kulia umelegea juu ya shuka kama kitu kisicho chake. Daktari aliufunua mguu wake, akaitazama ile michirizi, akautazama uso, kisha akawageukia mama mdogo na Shangazi Zuhura waliokuwa wamekaa sakafuni. "Mama zangu, huyu binti amekuwa akitumia dawa gani?" Mama mdogo akasema hakuna. Mimi nikasema, "Dawa ya kuongeza damu, daktari. Shangazi alikuwa akimpa." Daktari akamtazama shangazi. Shangazi akashika kanga yake kifuani. "Vidonge vya damu tu, mwanangu, vile vyekundu mnavyowapa wajawazito hapahapa." "Hakuna vingine? Vyeupe, vidogo? Vya kunenepesha?" "Wallahi hakuna. Nitamwekea sumu mtoto wa kaka yangu?" Daktari aliufunika mguu kwa shuka. Kisha akasema sawa, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Alikuwa na wodi nzima ya kushughulikia, na shangazi alikuwa ameapa.

Jioni ileile, kabla sijarudi nyumbani, shangazi alikuwa ameshafika na kutafuta pa kuutua mzigo wa lawama. Sikusikia maneno ya mwanzo. Nilichokuta ni uwanja umejaa watu. Shangazi alikuwa katikati, anasema maziwa, maziwa, kila siku maziwa, nani aliyemwomba, na kwa nini hakuchukua malipo. Hilo la malipo ndilo lililowaingia watu, kwamba mtu maskini atoe kitu bure kwa nini. Mtu mmoja akasema hata homa ilimpitia Mama Limi kidogo tu, si mnaona. Mwingine akakumbuka maneno yake kuhusu miguu. Vijana wa mtaa wakaingia chumbani kwake, wakatoa vibuyu, wakavivunja ukutani kimoja kimoja, mtindi ukamwagika mpaka kwenye mfereji. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni mwa duka lake, tepu ya kupimia shingoni. Mama mdogo alikuwa jikoni. Nilimwona kwa ubavu, anachochea moto usio na chungu juu yake.

Mama Limi hakulia, wala hakutukana. Alifunga nguo zake ndani ya shuka, akaliweka furushi kichwani, akasimama mbele ya mlango wa jiko. "Mama Nyamizi," aliita, "nimekula chungu kimoja na wewe. Sema neno." Mama mdogo hakugeuka. Mama Limi alingoja, kisha akapita katikati ya watu. Nilimfuata mpaka barabarani, nikilia, nikamwambia, "Mama, nitakusindikiza." Akanirudisha kwa mkono. "Rudi. Watasema nimekushika na wewe."

Nyamizi hakufa. Watu walisema hiyo ni baraka, na mimi nilisema hivyo pia kwa muda. Alirudi nyumbani baada ya mvua kukatika kabisa, amepungua yale yote aliyonenepa, mkono wa kulia umekufa, mguu unaburuta. Alijua majina yetu. Alikumbuka nyimbo za utotoni, alikumbuka mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa akimfinya sikio, lakini kitu ulichomwambia asubuhi hakikufika mchana. Aliuliza kila siku harusi ni lini. Mwanzoni tulimjibu, kisha tukasema karibu, kisha tukaanza kuondoka chumbani anapouliza. Hamisi alikuja mara moja. Alivua kofia, akakaa naye, akamwambia utapona. Baada ya hapo walikuja wazee wa kwao, wakazungumza na baba mdogo kwa heshima kubwa sana, wakaaga. Gauni alilokuwa amejishonea lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango wetu, na baba mdogo aliliondoa siku moja tukiwa hatupo, akalifumua, akavitumia vitambaa vyake kwenye nguo za wateja. Niliitambua lesi kwenye mikono ya gauni la mtoto wa jirani.

Daktari Masanja aliniita mwishoni mwa mwaka ule. Alikuwa amepeleka damu ya Nyamizi na maji ya uti wake kwenye maabara kubwa Dar es Salaam, pamoja na damu yetu sisi wa nyumba ile, niliyomsaidia kuichukua kabla Mama Limi hajafukuzwa. Majibu yalikuwa yamechelewa mno kumfaa mtu. Aliniambia ni virusi vya Naili Magharibi, jamaa wa vile vya homa ya manjano. Huishi kwa ndege, na mbu wa maji machafu huvitoa kwa ndege na kuvileta kwa watu. "Nyote mlivipata," alisema. "Wewe, baba yako mdogo, mama, na yule mpangaji. Damu zenu zinaonesha mlipigana navyo. Watu wengi huumwa homa ya siku chache au hawaumwi kabisa. Sasa niambie, kwa nini vilifika kwenye ubongo wa mwenzako na kukaa?" Nikamwambia sijui. "Uliniambia chembe nyeupe ni chache. Ulihesabu sawasawa. Mwili ule ulikuwa wa mtu anayemeza deksamethasoni kila siku, kwa miezi. Ni dawa nzuri kwa mwenye pumu au mzio mkali. Inavimbisha uso, inaleta njaa, wauzaji wanaifanya ya kunenepesha. Na inazilaza chembe ambazo zingemwokoa."

Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la dawa lililokuwa nyuma ya soko. Nilijifanya nataka kunenepa. Muuzaji alinitolea vidonge vidogo vyeupe ndani ya karatasi iliyokunjwa, akiwa na tabasamu. "Shangazi yenu yule wa Kigoma si alimaliza kopo zima kwa bibi harusi wenu?" alisema. "Uliona alivyotoka?" Nilisimama pale na kile kikaratasi mkononi mpaka akaniuliza kama naumwa.

Chembe hizo ambazo daktari alikuwa akizitafuta nimezisoma baadaye kwa miaka mingi, na nimezifundisha. Tunaziita seli T. Hukomazwa katika tezi iliyo nyuma ya mfupa wa kifua, na humo zile ambazo zingeushambulia mwili wenyewe huondolewa. Zinazobaki huzunguka kwenye damu na matezi, kila moja ikiweza kutambua kipande kimoja tu cha adui. Mbu akishaingiza kirusi, seli nyingine hukichukua kipande chake na kukipeleka kwenye tezi, mpaka ipatikane ile seli T inayokifahamu. Hapo huzaliana kwa wingi, nyingine zikasaidia kutengeneza kingamwili, nyingine zikaenda kukitafuta kirusi kilikojificha. Kwenye ini au ngozi zinaweza kuiua seli iliyoambukizwa, maana itaota nyingine. Kwenye ubongo haiwezekani hivyo. Seli ya fahamu ikifa haina mrithi. Ndiyo maana seli T zikivuka na kuingia ubongoni, mara nyingi humwaga kemikali inayoiwezesha seli ya fahamu kukizima kirusi yenyewe, na kubaki hai. Zikizidi huweza kudhuru pia, si malaika. Lakini zisipofika, kirusi hula kinachotaka. Kwangu zilifika. Nilipata kichwa kuuma na vipele. Na tunajua sasa kwamba baada ya vita baadhi yake hubaki ubongoni kwa muda mrefu, zikilinda. Wanafunzi wangu hufurahia sana sehemu hiyo. Mimi kila ninapoieleza huona kitanda kimoja na chandarua kimoja chenye viraka, na wasichana wawili walioumwa na mbu walewale, mmoja akiwa amelaziwa kinga yake na mtu aliyempenda na kuona haya kukiri.

Nilimwambia baba mdogo. Alisikiliza, miguu ikiendelea kukanyaga cherehani. Alipoisimamisha cherehani alisema, "Kalunde, yule ni dada yangu. Mtoto ameshaharibika. Unataka na ukoo uharibike?" Basi nikapanda basi la Igunga, nikashuka Ziba, nikauliza mpaka nikafikishwa kwa kaka mwingine wa Mama Limi. Mama Limi alikuwa anapembua mtama, amekonda. Alinikaribisha, akanipa maji, akaniacha niseme yote, virusi na vidonge na daktari. Nilitegemea atafurahi, au atalia. "Umekuja mbali," alisema. "Lakini mimi nilijua kwamba sikufanya. Aliyekuwa hajui si mimi. Kawaambie wao." Kisha akaniambia habari zilimtangulia kufika Ziba, kwamba binti wa kaka yake ameachwa na mchumba kwa ajili yake, na kwamba analala ndani ya zizi la ndama kwa sababu wake za kaka hawataki awe karibu na watoto. Alisema hivyo bila hasira, kama anayetaja hali ya hewa. Alikufa miaka michache baadaye. Nilisikia kwa mtu wa mnada wa ng'ombe.

Kwa hiyo siku ya mazishi, niliposikia tena maziwa, niliweka kikombe chini. "Shangazi," nilisema, na vichwa vikageuka, maana sijawahi kumkatiza mtu mzima. "Mama Limi hakumroga mtu. Ni kirusi cha mbu, na sisi sote tulikipata. Nyamizi hakukiweza kwa sababu ya vidonge ulivyompa. Muuzaji aliniambia." Shangazi Zuhura aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Mimi nilimtunza mtoto apate mume," alisema. "Elimu yako nzuri, mwanangu, lakini hapa ni msibani." Wanawake wakaitikia kwamba ni kweli, hapa ni msibani, na mmoja akaanza kumswalia Mtume ili mazungumzo yafe. Yule jirani mgeni alinitazama kwa huruma, kana kwamba nimechanganywa na kilio.

Nilitoka, nikamfuata mama mdogo jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mwili umebaki mdogo kama wa mtoto. Yeye ndiye aliyemlisha Nyamizi kijiko kwa kijiko miaka yote hiyo, akamwogesha, akamjibu kila siku kwamba harusi iko karibu. Nilipiga magoti nikamshika mkono, nikamwomba radhi kwa kusema maneno yale siku ya maziko, lakini nikamwambia ni haki ajue hatimaye kilichompata mwanawe.

"Nilijua," alisema.

Nilidhani hakunisikia vizuri. Akaendelea, akitazama moto. "Nilivikuta siku ile ya kwanza alipolazwa. Nilirudi kuchukua shuka, nikatandua kitanda cha wifi. Kopo la vidonge vyeupe lilikuwa chini ya mto. Nikalitupa chooni."

"Kabla hawajavunja vibuyu?"

"Kabla."

"Mama mdogo, alikuita. Alisimama hapo mlangoni akakuita."

"Nilisikia." Alivuta kanga, akajifuta midomo. "Ningesema, ningelala wapi? Nyumba ya kaka yake, mtoto wa kaka yake, na mimi nina mgonjwa wa kulea mpaka nife. Zuhura alikuwa wifi yangu, Kalunde. Yule alikuwa mpangaji."

Kutoka ukumbini Shangazi Zuhura aliita kwamba chai imekwisha. Mama mdogo alishika ukuta, akainuka taratibu, akamimina chai kutoka birika lililokuwa jikoni, akaonja kwanza kama sukari inatosha, akampelekea.